Kupima protini za zona pelusida zilizotengenezwa maabara kwa mbegu za kiume: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wanafunzi na mafundi sanifu wa maabara wanaoanza utafiti wa utungisho huuliza maswali yaleyale: ninunue protini ipi, niweke kiasi gani, kwa nini mbegu hazijibu, na kwa nini hata tyubu isiyo na protini imejibu? Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mbegu ya kiume hupoteza akrosomu (kifuko cha vimeng'enya kilicho mbele ya kichwa chake) kwa sababu nyingi: bafa mbaya, joto kushuka, uchafu wa bakteria, au kwa sababu imekufa tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu tyubu za vidhibiti, yaani za kulinganishia, na protini yenyewe inachukua nafasi ndogo.

Kuna vipimo viwili hapa. Cha kwanza kinaonyesha kama protini inaifanya mbegu iachie akrosomu; tendo hilo huitwa mmenyuko wa akrosomu. Cha pili kinaonyesha kama mbegu zinashika kwenye protini iliyobandikwa juu ya shanga. Ni maswali mawili tofauti. Usitumie kipimo kimoja kujibu swali la kingine.

Nadharia kidogo tu

Yai la binadamu limezungukwa na zona pelusida, yaani ganda lake la nje, yenye protini nne: ZP1, ZP2, ZP3 na ZP4. Panya wa maabara ana tatu, kwa sababu jeni lake la ZP4 halifanyi kazi. Tangu kazi ya Bleil na Wassarman ya mwaka 1980, iliyofanywa kwa panya, ZP3 ilitajwa kuwa ndiyo inayoipokea mbegu. Baadaye, mwaka 2012, watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walionyesha kwamba mbegu za binadamu, ambazo kwa kawaida hazishiki yai la panya, hulishika likiwekewa ZP2 ya binadamu. Sehemu inayohusika iko mwanzoni mwa mnyororo wa ZP2. Kwa upande mwingine, ZP1, ZP3 na ZP4 za kutengenezwa zimeonekana kuamsha mmenyuko wa akrosomu kwa mbegu za binadamu. Ndiyo maana tunapendekeza ZP3 au ZP4 kwa kipimo cha kwanza, na kipande cha ZP2 kwa cha pili.

Kwa nini zitengenezwe maabara? Zona moja ya panya ina takriban nanogramu 3 hadi 4 za protini. Ya binadamu ni kubwa zaidi, lakini bado unahesabu kwa nanogramu, na mayai yenyewe ni adimu na yana masharti mazito ya kimaadili.

Kabla ya kuanza

Kwanza kibali. Shahawa ni sampuli ya binadamu, na mtoaji lazima atie saini fomu ya ridhaa. Tanzania, maombi ya ngazi ya taifa hupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kenya unahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa pamoja na leseni ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi). Usikusanye sampuli hata moja kabla ya barua kutoka.

Pili usalama. Chukulia kila sampuli kuwa ina VVU na homa ya ini B. Vaa glavu na koti, na mimina mabaki kwenye klorini ya 0.5%. Ukitumia jiki ya 3.5%, changanya sehemu 1 ya jiki na sehemu 6 za maji, kila siku upya.

Vifaa na kemikali:

- Inkubeta ya nyuzi 37 yenye kaboni dioksidi 5%
- Sentrifuji, hadubini ya kawaida na hadubini ya fluoresensi yenye mwanga wa nanomita 450 hadi 490, pamoja na kichujio cha kuonea rangi ya bluu
- Myeyusho wa chembe za silika wa 40% na 80%
- Kimiminika cha kukuzia mbegu, HTF au BWW, chenye bikaboneti (takriban milimola 25) na kalsiamu (takriban milimola 2), kikiongezwa albumini miligramu 3 hadi 10 kwa mililita
- Ionofoa A23187 (kemikali inayopitisha kalsiamu kwenye utando), milimola 5 ndani ya kiyeyushi cha DMSO
- Hoechst 33258 (rangi ya bluu ya kutambua mbegu zilizokufa), na lektini ya PSA (protini inayoshika sukari za akrosomu) iliyounganishwa na FITC, rangi ya kijani
- Ethanoli ya 95%, PBS (bafa ya chumvi na fosfati), slaidi safi
- Protini yako, angalau miligramu 0.5 kwa mililita
- Protini isiyohusika, yenye mkia uleule wa histidini na iliyotengenezwa kwenye seli za aina ileile

Hicho cha mwisho ndicho watu huruka. Bila hicho huwezi kusema kilichofanya kazi ni ZP3. Huenda ni kitu chochote kilichotoka pamoja nayo kwenye safu ya nikeli, inayonasa mkia wa histidini wakati wa kusafisha protini.

Kuchagua na kukagua protini

Protini iliyotengenezwa na bakteria ni rahisi na nyingi, lakini haina minyororo ya sukari, na mara nyingi hutoka ikiwa imejikunja vibaya hadi uikunjue kwa urea na kuikunja upya. Seli za wadudu, Sf9 kwa mfano, huweka sukari fupi zenye manosi nyingi. Seli za binadamu za HEK293 hukaribia zaidi, ila bado si sawa na yai. Sukari iitwayo sialili-Lewis x, iliyoripotiwa mwaka 2011 kuwa nyingi kwenye zona ya binadamu na kuhusika na ushikaji wa mbegu, haitokei tu yenyewe kwa sababu umetumia seli za binadamu. Andika daima protini yako imetoka kwenye seli zipi. Matokeo ya ZP3 ya bakteria na ya ZP3 ya HEK293 si ya kuwekwa kwenye jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Ukiagiza jeni litengenezwe, kata mnyororo kabla ya sehemu inayopita kwenye utando wa seli. Usipoikata, protini itabaki kwenye seli badala ya kutoka kwenye kimiminika.

Protini ikifika au ikitoka kwenye safu, fanya haya manne kabla ya kuigusisha mbegu:

1. Badilisha bafa iwe PBS au kimiminika kisicho na albumini. Imidazoli hugeuza pH, na mbegu ni nyepesi mno kuhisi pH kupanda. Azidi ya sodiamu huzima mitokondria. EDTA hushika kalsiamu, na bila kalsiamu hakuna mmenyuko. Sabuni za maabara hupasua utando, nawe utadhani umepata jibu zuri.
2. Pima kiasi kwa BCA (kipimo cha rangi cha protini), kisha pitisha kwenye jeli. Bendi pana yenye ukungu si lazima iwe uchafu. Mara nyingi ni sukari za urefu tofauti. Ukiikata kwa PNGase F, kimeng'enya kinachong'oa sukari, ishuke na kuwa nyembamba, basi ni sukari.
3. Pima endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria), hasa ikiwa protini ni ya bakteria.
4. Gawa mafungu ya mikrolita 50 na ugandishe kwa nyuzi −80. Fungu lililoyeyushwa lisirudi kwenye friza.

Kipimo cha kwanza: mmenyuko wa akrosomu

1. *Siku moja kabla.* Weka kimiminika ndani ya inkubeta, kifuniko kikiwa kimelegezwa. Kimiminika cha bikaboneti kilichotoka kwenye friji moja kwa moja kina pH ya juu, na pekee yake kinaweza kukuharibia siku nzima. Ikiwa kimiminika chako kina HEPES, kisome vizuri: hicho ni cha kutumia juu ya meza, nje ya kaboni dioksidi.

2. *Kupokea sampuli.* Mtoaji awe amekaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Akusanye kwenye kikombe safi kisicho na sumu kwa mbegu. Kondomu za kawaida, sabuni na vilainishi havifai. Acha shahawa ilainike kwa nyuzi 37, dakika 30 hadi 60. Pima idadi na mwendo. Viwango vya chini vya WHO vya mwaka 2021 ni milioni 16 kwa mililita na mbegu zinazoogelea kwenda mbele 30%. Kwa kazi hii tafuta sampuli iliyo juu zaidi ya hapo, kwani utahitaji karibu mbegu milioni 20 baada ya kuchuja.

3. *Kuchuja.* Kwenye tyubu yenye kitako chembamba weka mililita 1 ya silika 80%, juu yake taratibu mililita 1 ya 40%, kisha mililita 1 ya shahawa. Zungusha kwa g 300 kwa dakika 20. Sampuli ikiwa mililita 3, tumia tyubu tatu. Usirundike zote juu ya moja. Ondoa tabaka za juu, chukua mbegu za chini kwa pipeti mpya, ongeza mililita 5 za kimiminika, zungusha kwa g 200 kwa dakika 5 hadi 10. Rudia mara moja.

   Hapa wengi hukosea: g si mizunguko kwa dakika. Fomula ni g = 0.00001118 × nusu-kipenyo kwa sentimita × (mizunguko kwa dakika)². Sentrifuji ya nusu-kipenyo cha sentimita 15 inahitaji takriban mizunguko 1,340 kufikisha g 300. Ukiweka 3,000 umezidisha nguvu mara tano, na umeziumiza mbegu kabla jaribio halijaanza.

4. *Kapasitesheni.* Rekebisha ziwe milioni 5 kwa mililita na uziweke kwenye inkubeta saa 3 hadi 4, vifuniko vikiwa vimelegezwa. Mbegu iliyotoka tu kwenye shahawa haiwezi kuijibu zona. Inahitaji muda huu, albumini na bikaboneti ili utando wake ubadilike. Usifupishe. Pia usiache hadi kesho, maana zinazojiachilia zenyewe huongezeka kadiri saa zinavyokwenda.

5. *Kupanga tyubu.* Kila tyubu ya hapa chini ipate mikrolita 192 za mbegu na mikrolita 8 za kitu unachopima, na kila moja iwe na pacha wake:

   - kimiminika kitupu
   - bafa ya protini
   - protini isiyohusika, mikrogramu 20 kwa mililita
   - ZP yako: mikrogramu 1, 5, 10 na 20 kwa mililita

   Kwa akiba ya miligramu 0.5 kwa mililita, mikrolita 8 hutoa mikrogramu 20 kwa mililita, 4 hutoa 10, na 2 hutoa 5. Kwa mikrogramu 1, punguza akiba mara kumi ndani ya bafa kisha chukua mikrolita 4. Jazia kila mara kwa bafa ileile hadi mikrolita 8. Kila tyubu ya protini lazima iwe na bafa ya ujazo mmoja. Vinginevyo dozi ya protini inapanda pamoja na dozi ya bafa, na hutaweza kuzitenganisha.

   Pembeni weka tyubu mbili za mikrolita 500 za mbegu: moja ipate mikrolita 1 ya A23187 (inakuwa mikromola 10), nyingine mikrolita 1 ya DMSO pekee.

6. *Kuacha zifanye kazi.* Protini dakika 60, ionofoa dakika 15. Anza tyubu za ionofoa na DMSO dakika 45 baada ya zile za protini, ili zote ziishe pamoja. Changanya kwa kugusa tyubu na kidole, usizitikise kwa nguvu.

7. *Kutambua zilizokufa.* Ongeza Hoechst 33258 hadi mikrogramu 2 kwa mililita, gizani dakika 10. Kisha osha mara mbili kwa kimiminika. Zilizokufa zitang'aa bluu kichwa kizima. Usikose hatua hii: mbegu iliyokufa hupoteza akrosomu bila kuijibu protini yoyote.

8. *Slaidi.* Paka mikrolita 10 hadi 15, slaidi mbili kwa kila tyubu, acha zikauke, zitie kwenye ethanoli 95% dakika 30. Ethanoli hufungua utando ili lektini iingie ndani ya akrosomu. Zipe namba za siri sasa hivi, na karatasi ya namba akae nayo mtu mwingine.

9. *Rangi.* PSA-FITC mikrogramu 25 kwa mililita ndani ya PBS, nyuzi 4, gizani, angalau saa 1. Osha kwa maji dakika 15, weka kifuniko cha kioo na kimiminika cha kuzuia rangi kufifia.

10. *Kuhesabu.* Mbegu 200 kwa kila slaidi, kwa lenzi ya 100 ya mafuta. Iliyo na mng'ao wa kijani sawasawa juu ya zaidi ya nusu ya kichwa: akrosomu ipo. Yenye mstari tu katikati ya kichwa, au isiyo na mng'ao wowote: imeachia. Zenye umbo lisiloeleweka ziandike safu ya tatu. Usizilazimishe kuingia upande unaoupenda.

Hesabu hufanywa kwa zilizo hai pekee. Tuseme tyubu ya bafa ina hai 180 kati ya 200, na kati ya hizo 16 zimeachia: 8.9%. Tyubu ya mikrogramu 20 ina hai 176, zilizoachia 37: 21.0%. Athari ya protini ni 12.1. Kabla ya kufurahi, angalia protini isiyohusika. Ikiwa nayo imefika 18%, huna matokeo.

Kisha angalia ionofoa. Kwa mwongozo wa WHO, tofauti kati ya ionofoa na kidhibiti chake (DMSO) huwa karibu 15 au zaidi kwa sampuli ya kawaida. Chini ya 10 si ya kawaida. Na ikiwa kidhibiti chenyewe kimepita 15%, mbegu zimejiachilia mapema. Katika hali hizo mbili sampuli hiyo haiwezi kukueleza lolote kuhusu ZP3. Iandike, ieleze kwenye ripoti, usiijumuishe kwenye wastani.

Ukihesabu mbegu 200 na kupata 10%, ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 6 na 14 kwa bahati ya kuhesabu tu. Hivyo 9% dhidi ya 12% kwenye slaidi moja si habari. Rudia kwa watoaji watano au zaidi, na kila mtoaji ahesabike kama data moja. Tyubu mbili za mtu mmoja si watu wawili. Usichanganye shahawa za watoaji tofauti ili kufikisha idadi.

Kipimo cha pili: kushika kwenye shanga

Hapa unatumia kipande cha mwanzo cha ZP2 ya binadamu, asidi amino ya 39 hadi ya 154, chenye mkia wa histidini, na shanga za agarosi zenye nikeli au kobalti. Ni kipimo kifupi zaidi, lakini mkono wako ndio unaoamua matokeo.

1. Osha mikrolita 50 za shanga mara tatu. Changanya na mikrogramu 50 hadi 100 za protini, nyuzi 4, zikizunguka polepole saa 1. Andaa fungu la pili kwa protini isiyohusika na la tatu bila protini.
2. Osha mara tatu, kisha funika nafasi zilizobaki kwa albumini miligramu 10 kwa mililita, dakika 30.
3. Thibitisha protini imebaki. Laza shanga chache kwenye kimiminika cha mbegu kwa saa 1 bila mbegu, halafu pitisha kimiminika na shanga kwenye jeli. EDTA, histidini, hata albumini yenyewe, vinaweza kuing'oa. Soma lebo ya kimiminika chako, maana baadhi vina EDTA. Ikizidi kutoka, hamia kwenye shanga zinazoifunga protini moja kwa moja kwa kemia.
4. Weka shanga 50 hivi kwenye tone la mikrolita 100 chini ya mafuta, ongeza mbegu zilizopitia kapasitesheni hadi milioni 1 kwa mililita. Saa 1 ndani ya inkubeta.
5. Hamisha shanga kwenye matone safi kwa pipeti ya ncha pana. Idadi ya kuosha iwe moja kwa mafungu yote, tuseme mara tatu, na iamuliwe kwa shanga zisizo na protini: osha hadi hizo zibaki karibu tupu. Aliyeosha asijue fungu lipi ni lipi.
6. Hesabu mbegu zilizoshika kwa kila ushanga, angalau shanga 20. Chagua shanga za ukubwa unaolingana, kwa sababu hutofautiana sana na kubwa hubeba zaidi.

Mambo yakienda kombo

*Kila tyubu imeachia, hata kimiminika kitupu.* Kagua pH, nguvu ya sentrifuji, na baridi ya meza. Kuchukua tyubu kutoka nyuzi 37 na kuziacha kwenye chumba chenye kiyoyozi dakika kumi inatosha kuleta shida. Ikiwa zinaonekana kuachia lakini mwendo ni mzuri, shuku ethanoli: utando usipofunguka, lektini haiingii na kila kichwa huonekana kitupu.

*Ionofoa haikufanya kitu.* Akiba imezeeka au imepigwa na mwanga, au kalsiamu haipo. Jaribu akiba mpya kabla ya kuilaumu sampuli.

*Ionofoa sawa, ZP kimya.* Huenda kapasitesheni haikutosha: ionofoa hupitisha kalsiamu kwa nguvu hata kwa mbegu isiyo tayari, kwa hiyo haikuambii lolote kuhusu utayari wake. Ongeza saa 1. Kisha kagua kama protini imejikunja vibaya au imegandana: zungusha fungu kwa g 15,000 dakika 10 na upime upya kilichobaki juu.

*Protini iliyochemshwa bado inafanya kazi.* Chemsha fungu kwa nyuzi 95 dakika 10 kama kidhibiti cha ziada. Endotoksini huvumilia moto huo, hivyo ndiyo ya kushukiwa kwanza. Lakini sukari nazo huvumilia, kwa hiyo kwa protini ya HEK293 au Sf9 pima endotoksini kabla ya kuitupa.

*Mbegu zote bluu.* Hoechst haikuoshwa ikaisha; iliyobaki huingia kwenye kila mbegu mara tu ethanoli inapofungua utando. Ongeza kuosha mara moja.

*Zimegandana vichwa kwa vichwa.* Sababu ni protini uliyoweka, au kingamwili zilizo kwenye shahawa ya mtoaji. Ikitokea hata kwenye kimiminika kitupu, ni mtoaji, badilisha sampuli. Ikitokea kwa dozi ya juu tu, punguza dozi, maana mbegu zilizogandana hazihesabiki kwa uaminifu.

*Shanga zisizo na protini zimejaa mbegu.* Albumini ni kidogo, au mbegu zilizokufa ni nyingi mno. Rudi kwenye kuchuja.